Maswali ya Wasomaji: Babu anajibu kwa mkato

SWALI: Shikamooni. Babu yetu mzaa mama, mkazi wa Kongwa, ndiye aliyeuza ng'ombe wake ili tusome. Wajukuu tumekubaliana kumshukuru kwa kuandika habari zake ziwe kijitabu cha ukoo. Tunamrekodi kwa simu, lakini kila tukimuuliza maisha yake anasema "zamani kulikuwa kugumu, mjukuu wangu", basi. Hata mwaka aliozaliwa haujui. Tufanyeje?
Mjukuu, Dodoma

JIBU: Marahaba. "Babu, tueleze maisha yako" ni swali pana mno, hana pa kulishikia. Anzeni na hao ng'ombe. Wa kwanza kuuzwa alikuwa na rangi gani? Aliuzwa mnada gani, kwa shilingi ngapi, zikalipa ada ya nani? Mfugaji anaweza kusahau tarehe, rangi ya ng'ombe wake haimtoki. Akinyamaza, msirukie swali jingine. Mara nyingi yanayofuata kimya hicho ndiyo mnayoyatafuta.

Kuhusu mwaka, kuwa mtu wa Kongwa kunawasaidia. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza hapo 1947, ukaachwa 1951. Muulizeni: matrekta yalipofika alikuwa anachunga ndama, anachunga ng'ombe wakubwa, au ameshaoa? Kama ni ndama, tuseme alikuwa na miaka sita au saba, basi alizaliwa karibu na 1940. Pimeni jibu hilo kwa tukio la pili: siku ya Uhuru, 9 Desemba 1961, alikuwa na watoto wangapi? Majibu yakigongana, aminini zaidi lile linalohusu kuzaliwa kwa mtoto. Kuhamia vijiji vya ujamaa kutumieni kwa uangalifu. Wengi hutaja amri ya Novemba 1973 ya kila mtu kuishi kijijini, lakini Dodoma watu walianza kuhamishwa mapema zaidi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwenye kijitabu andikeni "karibu na 1940". Msimbunie tarehe kamili.

Rekodini asubuhi akishakunywa chai, dakika 40 zinatosha. Akichoka anaanza kufupisha, na huenda hizo "basi" zenu zinatokana na hapo. Aulize mjukuu mmoja, maana wakiwa watano wanaanza kumsahihisha mzee. Simu iwekwe juu ya kanga iliyokunjwa, si juu ya meza tupu inayodaka kila mgongano wa kikombe, shubiri mbili hivi kutoka mdomoni pake, maikrofoni ikimwelekea. Iwekeni kwenye hali ya ndege (airplane mode) isiite katikati ya maneno. Mwanzoni tajeni tarehe, mahali na waliopo.

Faili ya MP3 ya kawaida hula takriban megabaiti 1 kwa dakika, kwa hiyo hakuna sababu ya kuziacha kwenye simu moja. Nakala moja iwe kwenye flashi, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine. Kundi la WhatsApp si ghala: simu ikipotea, sauti nazo zinaweza kupotea.

Kabla ya kuchapa, msomeeni yote. Habari za mipaka ya mashamba na ndoa zilizovunjika aamue mwenyewe zibaki au zitoke. Hizo ndizo huzaa kesi.

SWALI: Bibi yangu hataki kabisa kurekodiwa. Nimshawishi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana. Kaa naye jikoni, msaidie kukuna nazi, uliza kidogo kidogo, kisha mwombe ruhusa uandike kwenye daftari jioni hiyohiyo. Ukisubiri kesho utakumbuka kisa, lakini maneno aliyoyatumia yatakuwa yako.