Usiandike G92 A0 mwisho wa programu

Mkuu, kabla hujabonyeza kitufe cha kuanza, futa huo mstari. Umeuliza makro (kiprogramu kidogo cha mashine ya CNC) ya kurudisha mhimili A, ule wa kuzungusha, sifurini bila kichwa kinachozungusha chuma kurudi nyuma mizunguko yote kikishamaliza skurubu ndefu. Hiyo G92 A0, yaani amri ya kuiambia mashine "hapa A ilipo pahesabu sifuri", uliyoiweka pale kichwa kiliposimama ndiyo iliyotutia hasara hapa Unga Limited, Arusha, halafu naona mtu anakusifia. Asikupoteze.

Kazi ilikuwa skurubu ya mashine ya kukamua alizeti, mteja wa Babati. Anayezijua mashine hizo anajua skurubu yake ni vipande vinavyovishwa kwenye shafti, kila kimoja na pezi lake (ukingo uliojiviringa unaosukuma mbegu), na kadiri mbegu zinavyosogea mbele mapezi yanabanana zaidi. Pezi la kipande hiki lazima likutane na la kinachofuata. Kinachovipanga ni tundu la pini linalotobolewa ubavuni A ikiwa sifuri.

Sasa kipande kimoja pezi lake linaishia digrii 1170, mizunguko mitatu na robo. Kingine 900, miwili na nusu. Ukiandika G92 A0 pale, mashine inaamini hapo ndipo sifuri. Tundu la kipande cha kwanza linakaa digrii 90 nje ya mahali pake, la pili 180. Hakuna alamu inayolia. Tundu linatoka safi, ukipima kipenyo kiko sawa, kina kiko sawa. Tuligundua siku ya kuvisha kwenye shafti, mapezi yamepishana kama majirani wanaogombea mpaka wa shamba. Oda nzima ikaenda kwa wanunuzi wa skrepa, na mteja tukamrudishia hela yake msimu wa alizeti ukiwa umeshaanza.

Aliyetufundisha ni fundi aliyeletwa na muuzaji wa mashine. Alituonyesha kwa gia: akazungusha hadi 720, akaandika G92 A0, akatoboa, kila kitu kikakaa. Kitaachaje kukaa? 720 ni mizunguko miwili kamili, hakuna kinachobaki! Alichagua mfano usioweza kumuumbua, akapokea posho yake, akaondoka. Nilipompigia simu akasema chaki yetu, kile kishikio cha chuma, imelegea. Mpaka leo nikikumbuka naudhika, maana vijana wangu walishaanza kulaumiana wenyewe kwa wenyewe.

Sheria ni moja: toa mizunguko mizima, salio libaki. Kwa mashine yako ya milingi yenye kompyuta ya Fanuc:

#1=#5044-FIX[#5044/360]*360
G92 A#1

#5044 ni mahali mhimili wa nne ulipo kwenye kodineti za kazi, FIX inakata desimali. 1170 inakuwa 90, kisha G0 A0 (nenda A sifuri kwa kasi) inarudisha robo ya mzunguko tu. G92 inasogeza sifuri zote za kazi, G54 hadi G59, kwa pamoja, ndiyo maana ile G92 A0 inaua kila kitu. Hapa inasogeza 1080 kamili, kwa hiyo sifuri ya chuma inabaki palepale. Lakini usiinakili kwenye kerezo. Huko G92 mara nyingi ni ya kukata nyuzi.

Na usisome #5044 kichwa kikiwa bado kinatembea. Mashine inasoma mistari ya mbele kabla haijaifikia, utapata namba ya uongo. Tanguliza M00 (amri ya kusimamisha programu), au kodi ya M uliyoiandikisha kwenye parameta 3411 na zinazofuata, ndipo isubiri.

Kuna watakaokuambia uwashe biti ya kwanza (biti 0) ya parameta 1008, namba ijikunje yenyewe kila 360. Inafanya kazi, lakini skurubu yako umeiandika kwa G90, yaani unataja mahali pa kufika. Ukishaiwasha, A1170 inasomwa kama 90 na mizunguko mitatu inapotea. Itabidi uandike upya kwa G91, yaani utaje kiasi cha kusogea kutoka ulipo.

Kabla ya kufunga chuma, jaribu kwa 1170, si 720. A ikiwa sifuri chora mstari mmoja wa maka peni kutoka kwenye chaki mpaka kwenye mwili wa kichwa. Zungusha, endesha makro, kisha G0 A0. Nusu mbili za mstari zisipokutana, rudi hapa na programu yako yote tuiangalie.