Ami, hajakata tamaa: kuhusu ile karatasi ya korti

Shikamoo ami. Voisi yako nimeisikiza mara tatu. Wauliza kama ni kweli mdogo wangu mwenyewe ameiandikia korti kuwa anaondoa ombi lake la hebiasi kopasi, lile la kupinga kufungwa kwake, na kama ndo kusema amekubali kosa, ama ametishwa huko jela, ama zile pesa mlizochanga zimeliwa. Nawajibu wazi, kimya changu ndo kimewafanya muwaze mabaya.

Kweli ameliondoa. Hakutishwa na hajakubali chochote.

Huko nyumbani Kenya tukisikia hebiasi kopasi twawakumbuka wale vijana waliotekwa 2024, mawakili wakakimbia Mahakama Kuu polisi waambiwe leteni mtu. Huku Texas mtu ashahukumiwa, rufaa imegonga mwamba, anajulikana alipo, na bado anaweza kwenda korti ya federali, ile ya taifa si ya jimbo, kuuliza kama kufungwa kwake kulifuata katiba. Kufungua ni dola 5 tu. Lakini wakili wa bure hatua hii si haki yako, kwa hivyo aliandika mwenyewe kwa kalamu kwenye laibrari ya jela, na hapo ndo palipoharibika. Hoja yake kubwa, kwamba wakili wake hakumwita yule rafiki aliyekuwa naye usiku ule, hakuwa ameipeleka korti za jimbo, na federali hawaisikizi mpaka jimbo lipewe nafasi kwanza. Angeacha iende hivyo, hoja ile ingetupwa, zile dhaifu ziamuliwe, na ombi la pili baada ya la kwanza kuamuliwa hulipeleki hivi hivi, lazima korti ya rufaa ikuruhusu na ni nadra sana waruhusu.

Pesa zenu zilimlipa wakili wa kusoma faili masaa mawili, na yeye ndo aliyeligundua hilo. Zilizopungua nilijazia kwa shifti zangu za usiku za kulea wazee, sikusema kwa sababu niliona haya kuwaambia kuwa niko Marekani na sina za kumweka wakili kesi nzima.

Mdogo wangu alinisomea ile notisi ya kuondoa ombi kwa simu, polepole, mi naandika. Ni ukurasa mmoja: namba ya kesi, jina lake, sentensi mbili kuwa anaondoa ombi bila kupoteza haki ya kulirudisha, na chini tarehe aliyomkabidhi askari jela, maana karatasi ya mfungwa huhesabiwa tangu siku hiyo. Serikali ilikuwa haijajibu, kwa hivyo hakuhitaji ruhusa ya jaji, wangekuwa washajibu ingebidi aombe. Na hiyo notisi ni ya mara moja, akifungua tena akaondoa tena vivi hivi itahesabiwa ameshindwa.

Sasa linaloninyima usingizi ni saa. Sheria ya 1996 inampa mwaka mmoja kufika federali baada ya rufaa kwisha. Kesi ikiwa korti ya jimbo, saa inasimama. Ikiwa federali haisimami, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo 2001. Yaani miezi 3 aliyoandika na miezi 4 ombi lilipokaa kule zote zimeenda, imebaki 5 na inakwenda. Kuna njia ya kumuomba jaji aiweke kesi kando tu badala ya kuiondoa, nilimsihi aombe hiyo kwanza na mpaka leo naona angeomba, lakini lazima uwe na sababu nzuri kwa nini hukuanza jimboni na yeye aliogopa kungoja jibu huku siku zinaisha. Tulibishana mpaka simu ikakatika. Maisha ni yake ami, sikumlazimisha.

Fomu za jimbo zishajazwa, zitaanzia korti iliyomhukumu kisha ziende korti ya juu ya jinai ya Texas, kule Austin. Zimekosa kitu kimoja nacho kiko kwenu. Yule rafiki karudi Kisauni. Tafadhali mfuate mwenyewe, usimtume mtoto, mpeleke kwa wakili wa viapo aseme alichoona usiku ule kwa maneno yake, asiongeze hata neno la kumsaidia ndugu yetu, aseme pia kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumuita kortini. Atie sahihi kila ukurasa. Piga picha unitumie, halafu ile yenyewe itume kwa ndege wiki hii, nauli nitakurudishia Ijumaa nikilipwa.