Kwa mnaoanza kusoma utaifa, mkiwa Tanga

Wadogo zangu mliokuja Tanga kusomea ualimu wa historia, mada ya chimbuko la utaifa haitachelewa kuwafikia. Nimeisahihisha miaka mingi na majibu yanafanana: Mapinduzi ya Ufaransa 1789, Bismarck na Ujerumani ya 1871, halafu ghafla tuko Julai 7, 1954, TANU imezaliwa. Katikati hamna mtu.

Ya Ulaya yasomeni, ila msipige kambi huko. Shikeni hili: wazo kwamba nchi ni ya wananchi wala si mali ya mfalme lilienea kwa shule, magazeti na jeshi, hata mkulima aliyejijua kwa kijiji chake akaanza kujijua kwa taifa. Basi. Sasa iulizeni Tanga: hapa nani alikutana na nani, na kwa shida gani?

Anzeni na makarani. Mwaka 1922 Martin Kayamba aliongoza kuundwa hapa Tanga kwa chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Uhuru hawakuudai, walitafuta maslahi yao na kujiendeleza. Wanafunzi hukidharau kwa sababu hiyo, na mimi naona hapo ndipo penye utamu, maana kilichowaunganisha kilikuwa kazi, si kabila.

Kisha manamba, vibarua wa mkataba wa mashambani. Mkonge uliingia 1893, na mashamba yake yakaja kuvuta watu kutoka Kigoma hadi Njombe. Muha na Mbena wakajikuta kambi moja, kila mtu na kipande chake, yaani kadi ya siku 30 za kazi, mnyapara akizihesabu moja moja. Mjini nako makuli wa bandari waligoma 1939. Mkienda Ngamiani kuhoji wazee, msiulize "uzalendo ulianzaje?" Mtapewa hotuba. Toeni shikamoo, kaeni, kahawa ipite, kisha ulizeni mshahara ulikuwa shilingi ngapi, mnyapara alikuwa mtu wa wapi, chumbani mlilala na nani. Mnachokitafuta kitajitokeza chenyewe.

Abushiri bin Salim wa Pangani hupewa uzalendo wa bure. Alipigana kiume mwaka 1888, na Wajerumani wakamnyonga Desemba 1889. Lakini alikuwa akiitetea pwani ya wenye mashamba na wafanyabiashara dhidi ya kampuni ya Kijerumani iliyotwaa forodha. Taifa la kumweka yeye na Muha pamoja halikuwa kichwani mwake. Mpeni haki yake, msimwongezee.

Kwenye ujenzi wa taifa, sifa tupu sizitaki. Machifu kuondolewa mamlaka 1963, Kiswahili kufundishia shule za msingi kuanzia 1967: haya yamezaa matunda na tunayaona, mjukuu wa manamba leo anauza samaki soko la Deep Sea hapa Tanga na hakuna anayemuuliza babu yake alitoka wapi. Ila mwaka 1964 serikali ilivunja TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ikaweka NUTA iliyofungamana na chama tawala. Anayewasifu makuli wa 1939 kisha akaliruka hilo, alama zote kwangu hapati.

Mkipata nauli, nendeni Horohoro, mpakani na Kenya. Mdigo wa Mkinga na Mdigo wa Kwale ni ndugu, wanaoana na kuzikana. Mstari uliowagawa ndugu hawa, Waingereza na Wajerumani waliuafikiana 1886, na Julai 1964 viongozi wa Afrika wakakubaliana Cairo kwamba mipaka iliyorithiwa iheshimiwe. Kwa hiyo damu peke yake haitoshi kueleza kwa nini mmoja ni Mtanzania na binamu yake Mkenya. Mkalisheni mtu wa pale mumuulize lini hasa alijiona Mtanzania: ni shuleni, ni redioni, au ni siku alipotakiwa kitambulisho akienda msibani upande wa pili? Andikeni kwa maneno yake, palepale, kabla hamjarudi hosteli mkayapaka lugha ya kitabu.