Usianze na orodha ya mateso, anza na anayesimulia

Mdogo wangu, futa huo mpango wa insha ulionitumia. Umeuliza kurasa ngapi zinatosha na ulinganishe vipi na Rosa Mistika ya Kezilahabi, lakini kilichonishtua ni mpangilio wako: aya nne za ukandamizaji wa wanawake katika Nervous Conditions, riwaya ya Tsitsi Dangarembga, kisha aya ya mwisho kuwa nafsi ya kwanza "inamgusa msomaji". Insha ya namna hiyohiyo ndiyo iliyonipeleka sapu, yaani kurudia mtihani.

Najua ulikoitoa. Ni lile desa, yale majibu tayari yanayouzwa steshenari, na aliyeliandika anastahili kulaumiwa hadharani. Anachukua hela za wanafunzi kwa kuwafundisha kutenga fani huku na maudhui kule, kwenye riwaya ambayo vitu hivyo haviachani. Kwa kulifuata, niliandika kuwa mwandishi anamtukuza Babamukuru, baba mkubwa wa msimulizi. Msahihishaji akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Nani anamwona hivyo, na lini?"

Swali hilo ndilo insha yako. Msimulizi, Tambudzai au Tambu, anaanza kwa kutamka kuwa hakusikitika kaka yake Nhamo alipokufa, mwaka 1968, Rhodesia (Zimbabwe ya leo). Anayetamka ni mwanamke mzima anayekumbuka. Anayemwona Babamukuru kuwa karibu na Mungu ni binti wa miaka 13. Ni Tambu wawili, na ukiwachanganya umeharibu kila kitu.

Soma palipo na Maiguru, mke wa Babamukuru. Tambu anaishi nyumbani kwake akiamini kuwa mama huyu alikwenda Uingereza kumtunza mumewe tu. Kumbe naye ana shahada ya uzamili! Desa litakwambia uandike "wasomi wa kike hawathaminiwi" usonge mbele. Kaa hapohapo. Aliyekuwa hajamthamini ni msimulizi wetu mwenyewe, binti aliyelima mahindi yake apate ada baada ya baba kumuuliza kama atapika vitabu amlishe mume. Mfumo dume umekaa ndani ya macho yanayotuonyesha hadithi, na Tambu mkubwa ameuacha ujionyeshe bila kuusafisha.

Kwa hiyo kila ukitaja dhuluma, sentensi hiyohiyo itaje nani anaiona na ni Tambu yupi. Kila mara. Usiponiamini, jaribu kwa ugomvi wa Nyasha na baba yake usiku ule wa dansi. Babamukuru anampiga binti yake na kumwita kahaba. Desa linaishia kwenye kipigo. Tambu haishii hapo: anaona kuwa kuonewa huko hakutokani na umaskini, wala kukosa elimu, wala mila, kwa maana nyumba hii ina hela na vitabu tele, na papo hapo anakumbuka siku za Nhamo kwenda shule na yeye kubaki na mahindi yake.

Andika aya moja juu ya ugomvi huo tu, uilete hapa kabla hujagusa nyingine.