Enka ilishapona, mbona goti linauma?

*"Nilitegua enka ya kulia mwaka 2019 kwenye ndondo, ikapona. Sasa goti la mguu huohuo linauma nikishuka ngazi. Yanahusiana?"* Dereva wa bodaboda, Nkuhungu

Yanaweza kuhusiana. Kwa kuwa uliacha kuchechemea, wewe unasema ilipona. Lakini enka iliyoteguka mara nyingi hubaki ngumu, haikunji vizuri kwenda mbele. Kushuka ngazi kunahitaji mkunjo huo. Enka isipoutoa, unyayo hulalia ndani, goti nalo huvutwa ndani, na kofia ya goti inabeba mzigo usio wake.

Jipime. Vua viatu, simama ukitazama ukuta, kidole gumba cha mguu kiwe sentimita 10 hivi kutoka ukutani. Sukuma goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka, kisha jaribu mguu wa pili. Usijilinganishe na jirani, linganisha miguu yako miwili. Wa kulia ukishindwa, zoezi lako ni hilohilo: mara 10 hadi 15, asubuhi na jioni, kwa wiki kadhaa. Enka ikikuchoma kwa mbele, acha, ukapimwe.

*"Nauza mboga Majengo, nasimama kutwa. Niliteguka mguu wa kushoto zamani, lakini kinachouma ni nyonga ya kulia na kiuno."* Mama wa sokoni

Mama, miaka yote hiyo huenda umekuwa ukiegemea mguu mzima bila kujua, nyonga ya kulia ikifanya zamu mbili. Simama kwa mguu mmoja sekunde 30, meza ikiwa karibu, kisha badilisha. Wa kushoto ukiyumba mapema, anza nao.

Ila sitakudanganya: kiuno kina sababu nyingi, na kusimama kutwa juu ya saruji peke yake kunatosha. Ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo kukutoka au kuziba, au mguu kukosa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo, mboga zitauzwa na mwingine.

*"Eksirei ilionyesha mfupa mzima. Mbona enka inanisaliti kwenye matuta?"* Mkulima wa zabibu, Mpunguzi

Eksirei huona mifupa, kano, yaani nyuzi zinazofunga mfupa na mfupa, haizioni. Zinazoumia zaidi ni za upande wa nje, na ndani yake mna mishipa ya fahamu inayouambia ubongo mguu umekaaje bila wewe kuutazama. Taarifa ikichelewa, mguu unapinda kabla hujajishika. Piga mswaki ukiwa umesimama kwa mguu mmoja. Ukizoea, fumba macho huku umeshika kiti. Baadaye simama juu ya blanketi lililokunjwa.

*"Nikachuliwe na mzee wa kijijini?"* Kongwa

Jeraha bichi, hapana. Kuchua kwa nguvu siku za mwanzo huongeza uvimbe, na kama huwezi kupiga hatua nne, kapigwe picha kwanza. Jeraha la zamani, sawa, kuchua kunalegeza na kunaleta raha. Ila hakuufundishi mguu kusimama, na hapo ndipo wengi wanapoishia: wanachuliwa Jumamosi, Jumatano wanateguka tena.

*"Na kichwa kuniuma kila jioni, ni enka pia?"* Ihumwa

Hapo umeipandisha enka mbali mno. Kapime presha na macho.