Nanunua mazao kwa wakulima wasiojua bei ya mjini: faida yangu ni halali?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi hununua mazao vijijini na kuyapeleka mjini. Wakulima wengi hawajui bei ya soko. Wengine nawakopesha mbegu na mbolea kwa sharti kwamba mavuno waniuzie mimi tu, kwa bei nitakayopanga. Faida yangu ni halali?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Kwa asili yake biashara hii ni halali. Anayelipa usafiri na kubeba hasara ya kuoza kwa mzigo anastahili faida. Wanaomwita kila mchuuzi mnyonyaji wanazidisha.

Shida ipo kwenye kutojua kwa mkulima. Mtume (s.a.w.) alikataza kuwapokea njiani waletao bidhaa, na katika riwaya ya Imam Muslim, mkusanyaji wa hadithi, mwenye mali akishafika sokoni ana hiari ya kuuvunja uuzaji huo. Wewe unamfuata mkulima kwake, hivyo katazo halikugusi moja kwa moja, lakini sababu yake, yaani muuzaji kutojua bei ya soko, ipo. Hulazimiki kumtangazia faida yako. Ila akikuuliza, "Huko mjini wananunuaje?" ukataja bei ya chini kuliko unayoijua, umemdanganya, na umrudishie kilichopungua. Na lile gunia linaloshindiliwa na kurundikwa juu, kisha likahesabiwa moja? Soma mwanzo wa Suratul Mutaffifin, unaowaonya wanaopunja vipimo, halafu nunua kwa mizani.

Sharti la mkopo ndilo zito zaidi. Mkopo unaomletea mkopeshaji manufaa kwa sharti ni riba, na mkulima aliyefungwa na deni hana ridhaa ya kweli kwenye bei.

Badala ya mkopo huo tumia salam, yaani kununua kwa kulipa sasa na kupokea mazao baadaye. Watu wa Madina walikuwa wakilipia tende mapema, mwaka au miaka miwili kabla, na Mtume (s.a.w.) akaagiza kipimo, uzito na muda vijulikane. Lipa thamani yote siku ya mkataba, taja aina, kilo na tarehe. Hapo bei ikiwa chini ya ile ya sokoni si vibaya, maana umetanguliza fedha. Lakini usiandike "mavuno ya shamba la fulani". Mtume (s.a.w.) aliuliza: Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda, mmoja wenu atahalalisha vipi mali ya nduguye?

Wenye deni lako sasa, wafutie sharti. Wakurudishie kadiri uliyowakopesha, mavuno wauze watakako. Wallahu a'lam.