Kabla ya kwenda Svalbard, nilijifungia na sangara

Nilipopata nafasi ya kwenda Svalbard, visiwa vya baridi kali karibu na Ncha ya Kaskazini, kuchukua sampuli za tope la ziwani, kazi niliyoizoea huku Ziwa Victoria, nilidhani kwamba taabu yangu ingekuwa nguo. Kumbe katika mitumba ya Mlango Mmoja sweta za sufu na makoti mazito huuzwa kwa bei ndogo, kwani Mwanza ni nani ayavae? Soma tu lebo ya ndani na uepuke pamba, kwa sababu hunyonya jasho na kukaa nalo mwilini, ilhali sufu hutia joto hata ikipata unyevunyevu.

Taabu ilikuwa mikono. Rafiki yangu wa kiwanda kimoja cha samaki aliniombea ruhusa ya kuingia chumba cha kugandishia, na humo, katikati ya minofu ya sangara, nilijaribu kufanya kazi yangu yote nikiwa nimevaa glavu. Sikuweza kufungua hata chupa moja. Kalamu ya wino iligoma, na simu iliyokuwa na chaji ya kutosha ikazimika, kwa kuwa baridi hupunguza kasi ya kemikali ndani ya betri. Nilipoipasha joto kwapani, iliwaka tena. Baada ya hapo nilitafuta chupa zenye vifuniko vipana, nikanunua penseli, nikamwomba fundi cherehani anishonee mfuko wa betri upande wa ndani wa koti, kisha nikarudi chumbani humo mara tatu hadi vidole vikazoea.

Kuhusu viza, fomu yangu ya kwanza niliikosea. Svalbard ni ya Norwei lakini iko nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo anayetoka Oslo kwenda Longyearbyen, mji mkuu wa Svalbard, huhesabiwa kuwa ameshatoka, naye asipokuwa na viza ya kuingia zaidi ya mara moja atakwama wakati wa kurudi. Habari za dubu weupe utafundishwa huko huko, usizikoseshee usingizi. Usingizi wenyewe utakoseshwa na jua, ambalo Longyearbyen halizami tangu mwishoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Agosti, basi beba kitambaa cha kufunika macho.

Ukipelekwa Ny-Ålesund, kijiji cha watafiti huko Svalbard, fahamu kwamba Waifai na Bluetooth huzimwa ili kulinda mitambo inayopokea mawimbi hafifu kutoka angani. Beba waya wa intaneti, na uwaeleze wa nyumbani mapema, wasije wakaanza kukutafuta.